Alama za Darasani na Mpira wa Uwanjani

Leo twataka kuungama kosa letu mbele yenu. Sisi wazazi wa hapa Salamabila tuliitwa shuleni mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Mkubwa wa shule akatusomea amri mpya: mwanafunzi asiyefikisha 50 kwa 100 hatacheza katika timu ya shule mpaka kipindi kinachofuata kiishe. Tukapiga makofi. Mzazi gani asingepiga? Tulikuwa tumechoka kuwaona watoto wakirudi jioni na vumbi miguuni, na madaftari yao matupu. Tukaambiana njiani: "Sasa watasoma."

Miezi mitatu haikupita, amri ile ikamwangukia mtoto wa jirani yetu.

Jina lake hatulitaji. Ni kijana wa miaka 17, mwenye mbio, anayecheza upande wa kushoto. Baba yake amekufa. Mama yake anauza mihogo sokoni. Nanyi mwaijua nchi yetu ya Kabambare. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutoa elimu ya msingi bila malipo, lakini katika shule ya sekondari mzazi angali analipa. Na fedha hapa zatoka wapi? Zatoka ardhini. Kijana huyu alikuwa akishuka shimoni siku mbili za kila juma kutafuta dhahabu, apate malipo yake ya shule. Na siku hizo mbili ndizo siku za somo la hesabu. Basi alama ziliposomwa, yeye alikuwa na 46. Akaondolewa katika timu.

Juma la kwanza alikuja darasani kila siku. Juma la pili alikuja siku mbili tu. La tatu hakuonekana. Tukaenda kumtafuta machimboni, tukamkuta ameshika koleo, matope yamemfika kiunoni. Tukamkaripia kama ilivyo desturi ya wazee: "Mwanangu, waacha shule kwa ajili ya mpira?"

Akatujibu kwa adabu: "Baba, mpira ndio uliokuwa ukinitoa humu. Siku ya mazoezi sikushuka shimoni. Sasa nitoke kwa ajili ya nini?"

Hatukuwa na jibu. Kisha akaongeza neno lililotuchoma zaidi: "Na kipa wetu amepata 44. Yeye anacheza."

Tulipouliza tukaona ni kweli. Kipa mwingine hakuwapo, basi alama za yule hazikutazamwa na mtu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuitupa amri yote. Ina sababu yake, na sababu hiyo ni nzuri. Tazameni mambo ya Marekani, ambako vyuo vikubwa huwatafuta vijana hodari wa michezo na kuwalipia masomo. Kijana mmoja, Kevin Ross, alicheza mpira wa kikapu miaka minne katika Chuo Kikuu cha Creighton. Alipotoka mwaka 1982 alikuwa hajui kusoma sawasawa. Mtu mzima, mrefu kama mgomba, ilimbidi aende Chicago kuketi pamoja na watoto wadogo katika shule ya mwalimu Marva Collins, ajifunze upya. Watu walikuwa wameishangilia mikono yake; kichwa chake kikasahauliwa. Je, huo ni upendo? Kumwacha kijana acheze bila kusoma ni kumtumia kama jembe: likichakaa, latupwa nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, NCAA, kiliweka kipimo. Tangu 1986 kijana aliyepungukiwa katika alama za shule au katika mtihani wa kuingia chuo hakuruhusiwa kucheza mwaka wake wa kwanza, ila akipungukiwa katika kimoja tu aliweza kupata msaada wa masomo. Lakini Januari 1989 wakazidisha ukali: hata msaada ule anyimwe. Hapo akainuka marehemu John Thompson, mwalimu wa mpira wa kikapu katika Georgetown, chuo cha Mapadre Wajesuiti mjini Washington. Tarehe 14 Januari 1989, mchezo na Boston College ukiwa tayari kuanza, aliondoka uwanjani akaiacha timu yake. Hakukasirika kwa sababu vijana walitakiwa kusoma. Alikasirika kwa sababu mlango wa chuo ulikuwa ukifungwa mbele ya watoto wa maskini, wengi wao weusi, waliotoka katika shule dhaifu. Mwaka uliofuata amri ililegezwa, wakaruhusiwa kupata msaada kama wanafunzi wengine wahitaji.

Twaona basi kwamba kumzuia kijana asicheze ni jambo moja, na kumfungia mlango wa masomo ni jambo jingine. Sisi hapa Salamabila tulidhani tumefanya lile la kwanza, kumbe tumefanya la pili. Hakuna aliyemfukuza shuleni yule mtoto, lakini tulikata kamba iliyokuwa ikimvuta kutoka shimoni, wala hatukumpa kamba nyingine.

Tulikaa wazazi wachache, tukapima amri yetu tena. Tukaona yakosa mambo matatu.

Kwanza, haikuwa sawa kwa wote. Amri inayomshika winga na kumwacha kipa si amri, ni hila. Wanafunzi huiona hila hiyo kabla ya walimu kuiona, nao hujifunza kwamba alama si kitu, kitu ni kuhitajiwa.

Pili, haikuwa na msaada ndani yake. Tulimwambia mtoto, "Umeshindwa hesabu," tukamnyang'anya mpira, wala hatukumpa saa hata moja ya hesabu. Mganga anayemwambia mgonjwa ugonjwa wake na kumrudisha nyumbani bila dawa, amemsaidia nini?

Tatu, njia ya kurudi ilikuwa ndefu mno. Katika jimbo la Texas sheria ya mwaka 1984 ilimwondoa mwanafunzi michezoni kwa majuma sita akipata chini ya 70 katika somo. Mwaka 1995 yakapunguzwa kuwa majuma matatu, naye akaruhusiwa kufanya mazoezi pamoja na wenzake wakati wa adhabu. Waliona kwamba kijana aliyetengwa siku nyingi hupotea. Mwiba hutokea pale ulipochomea: kama mpira ulimvuta mtoto shuleni, basi kwa mpira huo huo tumrudishe kwenye daftari.

Tukaandika barua kwa mkubwa wa shule. Tumeomba 50 ibaki palepale, nayo ihesabiwe kwa kila mchezaji. Atakayepungukiwa asicheze mashindano kwa majuma matatu, lakini aje mazoezini, na kabla ya mazoezi akae saa moja na mwalimu. Sisi wazazi tumeahidi kumchangia mwalimu huyo, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Na mtoto anayekwenda machimboni kutafuta malipo ya shule, tuitwe tuambiwe, tusingoje mpaka alama zisomwe.

Mkubwa wa shule ameipokea barua kwa wema, akasema ataileta mbele ya walimu.

Jumapili iliyopita tulirudi machimboni, tukamweleza kijana yale tuliyoyaandika. Alisikiliza, koleo mkononi. Kisha akauliza jambo moja tu: "Na kipa je, naye atahesabiwa?"

Tukamjibu: "Naye pia."

Hajarudi bado. Twangoja, na tumeanza kukusanya fedha ya mwalimu. Nanyi wazazi wa parokia nyingine, siku mtakaposomewa amri nzuri juu ya watoto wenu, ulizeni kwanza itamwangukia nani, na nani atamwinua. Makofi yapigwe baadaye.