Chuma cha Ndani, Chuma cha Nje

 Katika matoleo yaliyopita ya jarida letu mmesoma makala kuhusu mihadarati, ndoa za mapema na ukataji wa miti. Mimi leo nimeamua kuwaandikia kuhusu mfupa. Naam, mfupa! Msicheke. Hapa kwetu Kuruwitu wagema huanguka kutoka minazini, vijana wa bodaboda huangushwa kwenye barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na watoto huanguka kutoka miembeni. Swali langu ni moja tu: mtu akivunjika mguu siku hizi, elimu ya tiba inasema nini kuhusu kumponya, nasi tusio madaktari tuna lipi la kufanya?

Sababu ya kuuliza ni baba yangu. Baba ni mgema, na karo yangu yote tangu kidato cha kwanza imetoka katika kibuyu. Mwaka jana, katika masika, vidato vya mnazi vilikuwa vimeota kuvu kwa mvua. Mguu ukateleza, baba akaja chini. Muundi wa mguu wa kulia ulikatika na ncha ya mfupa ikatokeza nje ya ngozi. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo mjadala uliofuata pale uani niliusikia wote.

Hawe, yaani nyanya yangu, alitaka aitwe mganga wa mifupa. Jirani mmoja alishauri jeraha lisafishwe kwa maji ya bahari, eti chumvi huua vijidudu. Baba mdogo hakutaka kusikia lolote ila hospitali. "Mfupa ukiuona kwa macho, mama, huyo si mtu wa kukandwa," alimwambia Hawe kwa adabu. Hawe akanyamaza, kisha akamfungulia kanga yake afunikwe jeraha. Ndipo baba akafungwa ubao mguuni, akapakiwa kwenye gari la jirani.

Msije mkadhani Hawe ni mjinga. Mganga huyo aliwahi kumuunga yeye mwenyewe mkono, ukapona sawasawa. Lakini mkono wa Hawe ulivunjika ndani kwa ndani, ngozi ikiwa nzima. Mvunjiko wa namna hiyo mara nyingi hupona ukinyooshwa na kutulizwa. Mvunjiko wazi ni jambo jingine kabisa. Ngozi ikishapasuka, uchafu na vijidudu hupata njia hadi kwenye mfupa, na mfupa ukishaingia usaha kuutibu ni kazi ya miezi, pengine miaka. Isitoshe, mabanzi yakikazwa mno juu ya mguu unaovimba, damu hushindwa kupita na mguu hufa. Hapo daktari hana la kufanya ila kuukata.

Hata hivyo, uganga wa mifupa na udaktari si maadui wa tangu jadi. Daktari Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyezaliwa mwaka 1834, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales, na baba yake alikuwa muunga mifupa. Thomas alisomea udaktari akabuni banzi la chuma la kutulizia mguu. Mpwa wake, Robert Jones, alilipeleka banzi hilo kwa askari wa Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, na likaokoa watu wengi waliovunjika mapaja. Ujuzi wa wazee ulipotiwa shule, ulimwengu mzima ulifaidika.

Tena kuhusu yale maji ya bahari. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 2,447 wenye mivunjiko wazi katika nchi kadhaa, zikiwamo Kanada, Marekani na India. Wengine walioshwa jeraha kwa maji ya chumvi ya hospitali, wengine kwa maji yenye sabuni. Kati ya kila wagonjwa 100 waliooshwa kwa sabuni, karibu 15 walirudishwa kupasuliwa tena. Kwa maji ya chumvi walikuwa kama 12. Nguvu ya kurushia maji haikuleta tofauti ya maana. Kitu rahisi ndicho kilichoshinda! Lakini jirani asishangilie. Maji ya chumvi ya hospitali yametakaswa, na yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Bahari yetu ina gramu zipatazo 35, pamoja na mchanga na viumbe hai visivyohesabika. Hayo si maji ya kumwagia mfupa.

Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na daktari wa upasuaji usiku ule, tukaelekezwa kwingine. Huko baba alichomwa sindano ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha, akasafishwa jeraha kwenye chumba cha upasuaji, kisha akafungwa kile ambacho watu wa kwetu hukiita vyuma vya nje. Ni vijiti vya chuma vinavyopenya ngozi hadi kwenye mfupa, na kwa nje vimeunganishwa kwa fito. Ukimwona mtu navyo mara ya kwanza utashtuka. Ndugu zangu wadogo waliogopa hata kukaa naye mkeka mmoja.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alitikisa kichwa: "Amefungwa vyuma vya maskini huyu. Wenye pesa hutiwa chuma cha ndani." Maneno hayo yalimwingia mama. Akaanza kuzungumzia kuweka rehani minazi yetu 12 ili baba ahamishiwe hospitali ya kulipia, atolewe vyuma vya nje na kutiwa cha ndani. Sote tunajua rehani ya mnazi ilivyo: kuweka ni siku moja, kukomboa ni miaka. Na bila minazi hakuna karo. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kujifunza kushona makuti kwa kasi, maana niliona shule inaniaga.

Nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Nilimuuliza, "Mwalimu, ni kweli chuma cha ndani ndicho dawa na cha nje ni cha kudanganyia?" Hakunicheka. Baada ya siku mbili alinipa karatasi aliyokuwa ameichapisha, akanisomea mstari kwa mstari.

Chuma cha ndani ni msumari mrefu unaopitishwa katikati ya mfupa, mahali penye uboho. Daktari Gerhard Küntscher alianza kuutumia huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1939. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilihitaji mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa papo hapo mgonjwa anapopasuliwa, na hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN, linalotengeneza misumari ambayo daktari anaweza kuitia na kuifunga kwa skrubu bila mashine hiyo. Misumari hiyo imefika Kenya, Tanzania na kwingineko.

Je, kwa mvunjiko wazi wa muundi, msumari unashinda vyuma vya nje? Jibu halikutoka Ulaya, ndugu msomaji. Lilitoka Dar es Salaam! Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, madaktari wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwachukua wagonjwa 240 wenye mvunjiko kama wa baba. Wakawagawa kwa kura, wengine msumari, wengine vyuma vya nje. Kura ni muhimu, kwa sababu bila kura daktari angeweza kuwapa msumari wale wenye majeraha madogo, halafu msumari ukasifiwa bure kama mgema wa kwenye methali. Wagonjwa 221 walifuatiliwa hadi mwaka mmoja ukatimia, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Haya ndiyo yaliyoonekana. Kati ya watu 111 waliotiwa msumari, 20 walifariki au walilazimika kupasuliwa tena. Kati ya 110 waliofungwa vyuma vya nje, walikuwa 24. Tofauti ya watu wanne katika hesabu kama hiyo yaweza kuletwa na bahati tu, kama vile ukirusha shilingi mara nyingi usipate vichwa na mikia sawasawa. Hata usaha wa ndani haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Hata hivyo, msumari ulikuwa na sifa zake. Wenye msumari walijihisi nafuu zaidi kufikia wiki ya sita, ingawa mwaka ulipokwisha pande zote mbili zilikuwa zimelingana. Pia, miguu yao ilipona ikiwa imenyooka zaidi.

Basi vyuma vya nje havikuwa vya kudanganyia. Na msumari pia si ndoto ya matajiri tu. Una faida yake ya kweli. Nilimweleza mama vyote viwili, sikumficha lile la kunyooka. Tulipompeleka baba kliniki tulimuuliza daktari waziwazi. Alituambia jeraha linakauka vizuri, na kwamba kwa mguu huu haoni haja ya kubadilisha. Kazi yetu kubwa, alisema, ni kusafisha pale vijiti vinapoingilia ngozini na kumrudisha kila tarehe aliyopangiwa. Mama alitafakari usiku kucha. Asubuhi akasema, "Minazi itakaa." Sijawahi kusikia sentensi fupi iliyonifurahisha kama hiyo.

Kusafisha vijiti ilikuwa zamu yangu. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, mikono iliyooshwa, kila siku kabla ya kwenda shule. Baba alikuwa akiuma meno na kunitania, "Polepole, mama, huo si mpini wa jembe." Miezi ikapita, vyuma vikatolewa, ikafuata plasta, kisha magongo. Leo ni zaidi ya mwaka. Baba anatembea bila gongo, lakini muundi wake umepinda kidogo, kama mnazi uliozoea upepo wa kusi, naye huchechemea jioni akichoka. Namhesabu kati ya waliopona, na ule mpindo pia nauhesabu. Utafiti ulikuwa umekwisha kuniambia kwamba unaweza kutokea, kwa hiyo haukunishtua.

Kitu kilichonigusa zaidi katika karatasi ile ni subira yake. Wale madaktari hawakusema "amepona" siku ya kushona jeraha. Walingoja mwaka mzima, wakawatafuta watu mmoja mmoja, wakawauliza: unatembeaje? Sisi wa Kuruwitu tunaijua subira hiyo. Mwaka 2003 wazee wetu waliunda chama cha kuhifadhi bahari, na baadaye sehemu ikafungwa isivuliwe. Wengi walilalamika kwamba watalala njaa. Wakangoja, wakaenda kutazama, wakakuta samaki na matumbawe yanarudi, na mwaka 2017 chama hicho kikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kilichojeruhiwa hutulizwa, kikalindwa, kisha kikakaguliwa kwa wakati wake. Bahari ndivyo, na mfupa ndivyo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina nasaha chache. Kwanza, mtu akivunjika na ngozi ikapasuka, funika jeraha kwa kitambaa safi, tuliza mguu kwa ubao pasipo kukaza mno, umpeleke hospitali mara moja. Usimkande, usimmwagie bahari. Dawa ya kuzuia usaha inafaa itolewe mapema, na kila saa ipotezwayo ni ya vijidudu. Pili, mambo haya nimeyasema juu ya muundi. Mfupa wa paja una hukumu yake; zamani mgonjwa alilazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, ilhali msumari humwezesha kuinuka mapema. Tatu, familia zetu zijiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, kabla mtu hajaanguka. Nne, usiuze shamba kwa neno la mgeni aliyekuja kujulia hali. Muulize daktari, tena muulize "kwa nini?"

Liko jambo moja ambalo halijaamuliwa nyumbani. Baba anataka kupanda tena. Husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama hataki kulisikia. Baba mdogo sasa ndiye anayegema, na mapato wanagawana. Baba ameniuliza kama karatasi ya Mwalimu inasema lolote kuhusu kupanda minazi. Nimemjibu kwamba haisemi. Wale madaktari wa Dar es Salaam waliuliza mengi, lakini hilo hawakuliuliza. Pengine, enyi wenzangu wa kidato cha tatu mnaopiga mbio kutoka somo la Biolojia kengele ikilia, mmoja wetu ndiye atakayekuja kuliuliza. Wagema wa pwani hii wanangoja jibu.