Mji wa Karton

Kwetu Uvira kitu hakitupwi haraka. Kopo la sardini likiisha kuliwa, mtoto amekwisha kulichukua: ni gari, au ni mtumbwi. Kambambili zilizokatika ni magurudumu. Na vifuniko vya Primus ndivyo vinavyochezewa dame, mmoja akivilaza kifudifudi na mwenzake chali, wazee wakigombana mpaka jua linapozama nyuma ya milima.

Lakini hapa tunataka kusema juu ya mchezo ambao nyumbani tuliuita "mji". Wakubwa hawakuupa heshima. Kwao ulikuwa uchafu tu.

Tulitandaza chini karton kubwa. Milima ya Mitumba tuliifanya kwa magazeti ya zamani, tukayakunjakunja na kuyalowesha katika uji mzito wa unga wa muhogo, kisha tukayaanika siku 2 au 3. (Unga tuliuiba jikoni, na fimbo tulizipata.) Uji ule ukikauka unakuwa mgumu kama ubao. Nyumba zilikuwa visanduku vya kiberiti, na mabati yake tuliyakata kwenye madebe ya mafuta ya msaada, maandishi ya kigeni yakionekana bado juu ya paa. Mito yetu, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, ilikuwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti za sigara. Kusini kabisa, Kalundu, makopo ya sardini yalingoja kama meli bandarini.

Kila mchezaji alikuwa na vifuniko 5. Unavipiga kwa kidole, zamu kwa zamu, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu. Kifuniko kikiingia mtoni, umekufa maji, unarudi mwanzo. Daraja la Mulongwe tulilifanya jembamba makusudi, upana wa vidole 2, maana bila hilo mchezo hauna ladha. Tulicheka sana pale darajani.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulishuka na mawe na magogo. Makumi ya watu walikufa, nyumba nyingi zikaenda. Miezi mingi watoto wetu hawakuugusa mji. Walipoanza tena kuujenga, waligombana: mkubwa alikataa neno "umekufa maji", mdogo akauliza sasa watasema nini. Sisi wakubwa tulinyamaza. Hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna.

Siku moja jirani yetu, mama ambaye mto ulimchukulia nyumba na mtoto, alipita uani akasimama juu ya karton. Tuliogopa. Akauliza:

"Batoto, nyumba yetu iko wapi?"

"Haiko tena, mama," akajibu mdogo.

"Muiweke."

Wakatafuta kisanduku cha kiberiti. Mama akainama, akakisogeza mwenyewe. "Si pale. Panda kidogo. Na muembe wetu?"

Muembe ulitengenezwa kwa kipande cha godoro kuukuu kilichosuguliwa majani mabichi mpaka kikawa kijani. Ungali pale, ingawa rangi imekuwa kahawia. Kwa njia ya mkato, kifuniko kingepita katikati ya kiwanja kile na kufika darajani kwa pigo moja. Hakuna mtoto anayepita pale. Wanazunguka, hata kama zamu inapotea.