Dawa Moja, Njia Mbili



Mola ametujaalia watoto wawili, wa kiume na wa kike, na wote wawili wamepitia mtihani wa unga. Tunaeleza yaliyotufika kwa idhini yao, huenda mzazi mwingine akanufaika.

Wa kiume alipokubali kutibiwa, nyumba nzima ilishukuru. Baba yake alimsindikiza kila asubuhi kliniki kunywa methadoni mbele ya muuguzi, na majirani wakampa hongera. Dada yake alipoanza, tulimwambia afunike uso na apitie uchochoro wa nyuma. Siku moja akatuuliza: "Mama, kaka mwamsindikiza, mbona mimi naenda kama mwizi?" Hatukuwa na jibu.

Kisha akashika mimba. Sisi, kwa kumhurumia mtoto, tukamwambia aache dawa mara moja. Alhamdulillah, alimuuliza muuguzi kwanza. Tuliitwa tukaelezwa kwamba mjamzito akikatishwa methadoni ghafla anaweza kuharibu mimba, au arosto ikamrudisha kwenye unga. Tena miezi ya mwisho dozi mara nyingi huhitaji kuongezwa, kwa sababu mwili huitumia dawa upesi zaidi. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto, hutibiwa hospitalini, na mama huweza kumnyonyesha kwa ushauri wa daktari maadamu hatumii unga.

Hapo pia ndipo tulipojua kwamba unga huweza kuvuruga hedhi hata ikakatika. Mwanamke akaamini hawezi tena kuzaa, kumbe akianza matibabu uzazi hurudi. Haya kwa mwanetu wa kiume hatukuwa na haja ya kuyauliza.

Tanzania Bara ilianza matibabu haya Muhimbili mwaka 2011, Kenya mwishoni mwa 2014, Zanzibar 2015 na Uganda 2020. Kote huko wanawake wanaofika ni wachache mno kuliko wanaume. Dawa inawafaa wote wawili. Linalomzuia mwanamke ni aibu, kukosa nauli, kukosa wa kumwachia watoto, na pengine mume ambaye naye anatumia. Kwa binti yetu, kizuizi cha kwanza kilikuwa sisi wazazi wake.

Siku hizi mama yake humsindikiza, nao hupita njia kuu. Mjukuu wetu alizaliwa salama, akakaa hospitali siku kadhaa chini ya uangalizi, na sasa anatambaa. Wapo wanaotutazama vibaya njiani, nasi huwatolea salamu tukapita.

Ndugu wazazi, ukiwa na binti mwenye mtihani huu, usimfiche. Mshike mkono kama ungelivyomshika kaka yake, na lolote kuhusu dawa umuulize daktari kabla ya kuamua nyumbani.

Mola awaponye watoto wetu wote. Amin.