Migomba Ishirini ya Mwaitu

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Waama hawakukosea. Lakini mimi, msomaji mpendwa, nimejionea kwamba bahari hiyo isipochimbiwa mfereji hadi shambani, mkulima wa Mwala atakufa kiu akiitazama.

Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Siku moja ya soko Mwaitu aliuza mbuzi wawili tuliowawekea karo ya muhula uliofuata, akarudi nyumbani na miche ishirini ya migomba, midogo kama vitunguu. "Hizi ni ndizi za tishu," akatuambia, uso umemjaa furaha. "Zimetoka maabara. Mwaka mmoja na nusu tu, mikungu hii hapa!"

Susu aliushika mmoja, akaugeuzageuza. "Mgomba usio na mama?" akauliza. Jirani naye akanong'ona kwamba hizo ndizo zile GMO.

Tulipanda mwezi wa Oktoba, mashimo ya jembe mara tatu nne hivi, kama tunavyopanda chipukizi la kawaida. Mvua ikanyesha siku chache, ikatoroka. Kufikia Krismasi miche kumi na minane ilikuwa imekauka kau! Miwili iliyopona ni ile ya nyuma ya jikoni, pale Mwaitu anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Shule zilipofunguliwa nilikaa nyumbani wiki tatu kwa ajili ya karo. Wacha nikwambie, nililaani maabara zote na maprofesa wake.

Mwaka jana chama chetu cha Kiswahili kilimwalika dada mmoja aliyesoma hapa, ambaye siku hizi anafanya kazi katika maabara ya mimea. Tulimtaka aeleze kazi yake kwa Kiswahili kitupu, na maskini, jasho lilimtoka! Alisema kwamba hukatwa kiini kidogo cha chipukizi safi, kikaoshwa kwa dawa, kisha kikatiwa katika chupa yenye chakula kama jeli. Humo huzaana, na chipukizi moja laweza kutoa mamia ya miche isiyo na fukusi wala minyoo ya mizizi. Jeni haziguswi. Kwa hivyo hizi si zile GMO ambazo serikali ilipiga marufuku kuingizwa nchini mwaka wa 2012, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka wa 2022, na kesi zikafuata kortini.

Akatueleza pia zilivyoanza kusambazwa. Miaka ya 1990, KARI, ambayo leo ni KALRO, ilishirikiana na shirika la ISAAA, alikofanya kazi Dkt. Florence Wambugu, ili ndizi hizo ziwafikie wakulima wadogo. Wafadhili wa ng'ambo kama Rockefeller Foundation walitoa pesa. Miche ikazalishwa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, pamoja na maabara ya kampuni binafsi. "Mtafiti, chuo, kampuni, mkulima," akahesabu kwa vidole. "Mmoja akiachilia kamba, mzigo unaanguka."

Hapo niliinua mkono nikasimulia yetu. Nilidhani atajitetea. Badala yake aliuliza, "Mama aliambiwa achimbe shimo la kiasi gani?"

"Hakuambiwa. Alipewa miche na chenji."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisema mche wa tishu ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema: hauna akiba ya chakula kama chipukizi lenye shina lake nene. Wataka shimo la futi tatu upana na futi mbili kina, samadi ya kutosha, majani makavu ya kufunika udongo, na maji bila kukosa hadi ushike. Kisha akasema polepole, "Sisi tulihesabu miche iliyotoka langoni. Iliyofika ikaishi, hatukuihesabu."

Nilipomsimulia Susu, alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa msichana mahindi ya Katumani yalipokuja, miaka ya 1960. Yalikomaa kabla jua halijatumaliza. Lakini hatukuyapokea kwa sababu ya maneno. Mtu wa kilimo alipanda nasi, akapalilia nasi, tukavuna tukaweka mbegu."

Basi likizo ile nilichimba shimo la futi tatu, mikono ikatoka malengelenge. Tukatoa chipukizi kwa ile miwili ya jikoni, tukapanda. Leo ni minane, na mkungu mmoja muhula uliopita ulinunua vitabu vyangu. Mbuzi wawili hawajarudi bado.

Zamani nilidhani kazi ya sayansi huisha kwenye chupa. Sasa naona kwamba pesa za utafiti zisipotenga fungu la kumfuata mche hadi shambani, hizo ni za kupamba ripoti tu. Nikijaliwa kufika chuo kikuu, ningependa kuwa yule anayetoka langoni na miche, akabaki shambani hadi mvua inyeshe.

Nawe msomaji, ukiuziwa mche wowote, usiulize bei kwanza. Uliza: shimo la kiasi gani?