Umri wa Black Mamba

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao wakatuasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mpenzi msomaji, methali hizi mbili tumezikariri sote tangu shule ya msingi ili kupata alama katika insha. Mimi maana yake niliiona kwa macho yangu pale Kawangware, baiskeli kuukuu ilipotaka kuuzwa kwa bei ya chuma kibovu.

Baiskeli yenyewe ni ya marehemu babu. Ni ile aina tunayoiita Black Mamba: nyeusi, nzito ya kilo 20 hivi, magurudumu ya inchi 28, na breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya. Nyanya ametusimulia mara nyingi kwamba babu aliiendesha hadi Uhuru Gardens usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa kwa mara ya kwanza. Babu hakupigwa picha usiku huo. Kumbukumbu tuliyo nayo ni maneno ya nyanya na hiyo baiskeli.

Basi Januari ilipofika, karo ya binamu yangu ikawa haijatimia. Akaja mnunuzi mmoja wa vyuma kuukuu, akaizunguka baiskeli mara mbili.

"Shosho, hii ni ya juzijuzi tu, ya miaka ya themanini, tena ya India. Nakupa mia saba tumalize maneno."

Ami alikuwa tayari kukubali. Nyanya akamweleza habari ya Uhuru. Yule bwana akaangua kicheko: "Hiyo ni hadithi ya kulaza watoto, shosho!" Nyanya hakumjibu. Aliinuka polepole akaingia ndani. Mimi niliumia maini kuliko kama ningetukanwa mwenyewe. Nikamwomba ami anipe siku mbili.

Kibera, upande wa Olympic, yuko fundi mzee wa baiskeli ambaye sifa zake zimevuma hadi kwetu. Niliisukuma ile baiskeli isiyo na upepo, nikatokea Ngong Road, nikateremka Kibera jasho likinitiririka. Fundi aliitazama kimya, kisha akasema, "Kijana, baiskeli haidanganyi, lakini lazima uulize kiungo kimoja kimoja. Rangi usiiulize kitu. Rangi hupakwa."

Kwanza alipangusa beji ya mbele, chini ya usukani. Palijitokeza kichwa cha ndege korongo na maneno Raleigh, Nottingham, England. Gurudumu la meno la kukokota mnyororo pia lilichongwa korongo. Hiyo ni nembo ya Raleigh, kampuni iliyoanza Nottingham katika miaka ya 1880. Hata hivyo alinionya nisiridhike na jina. Raleigh ilizinunua baiskeli za Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943 na BSA mwaka 1957, na kuanzia 1960 Phillips na Hercules zikawa nyumba moja nayo. Kwa hivyo beji yaweza kusema hili na fremu ikawa imezaliwa kwingine. Umbo nalo halitoshi, maana Hero ya Ludhiana, India, na Phoenix ya Shanghai, Uchina, zilifuata mtindo ule ule wa Kiingereza.

Pili, alifungua nati pale pedeli zinapopita kwenye fremu, akapima hesi. Raleigh ya Nottingham ilikata hesi zake 26 kwa kila inchi, ilhali viwanda vingi vya Uingereza vilikata 24. Akahesabu 26. "Beji unaweza kuibandika," akasema, "lakini hesi hii huwezi kuibandika."

Tatu, na hapa moyo ulinienda mbio, alimwaga mafuta ya taa kwenye habu ya nyuma akasugua kwa kitambaa. Uchafu wa miaka ukatoka. Pakaonekana jina Sturmey-Archer, herufi AW, na nambari 62. AW ni habu ya gia tatu iliyoanza kuundwa mwaka 1936, na nambari ile ni mwaka: 1962.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Fundi akanizuia. "Pole pole. Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya habu, si ya baiskeli. Gurudumu hubadilishwa." Kweli, gurudumu la mbele lilikuwa na ringi iliyoandikwa India, na madigadi moja ilikuwa mpya kuliko nyingine. Bila shaka yule mnunuzi aliona ringi hiyo akaamua kesi nzima. Lakini kiti cha ngozi kilikuwa Brooks ya Uingereza, na mkono wa gia kwenye usukani ulikuwa wa Sturmey-Archer pia. Beji, hesi, habu, kiti na mkono wa gia vilikubaliana. Shahidi mmoja tu ndiye aliyekuja baadaye, naye alikuwa gurudumu la mbele, ambalo huumia kwanza mtu akigonga shimo.

Nilimuuliza kama baiskeli za Marekani nazo husomwa hivyo. Akacheka, akanionyesha fremu ya Schwinn iliyomfikia pamoja na vitu vya mitumba, pana ya tairi nene. Schwinn zilizoundwa Chicago kuanzia 1965 zina nambari inayoanza kwa herufi mbili: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka, A ikiwa 1965. Ile yake ilianza na DC, yaani Aprili 1967. Hata hapo, hiyo ni siku fremu ilipopigwa muhuri. Baiskeli yenyewe yaweza kuunganishwa baadaye.

Nilirudi Kawangware nikamweleza ami yote bila kuongeza chumvi. Habu ya 1962 haiwezi kuapa kwamba babu alikuwa Uhuru Gardens. Lakini baiskeli iliyoundwa Nottingham mwaka huo, ikavuka bahari hadi Mombasa na kupanda reli hadi Nairobi, ingeweza kabisa kuwa mikononi mwake Desemba 1963. Aliyesema haiwezekani ndiye aliyekosa ushahidi.

Mnunuzi aliporudi, ami akamtajia mwaka 1962. Bwana yule akabadilisha wimbo papo hapo. "Sawa, baiskeli kaeni nayo. Nipeni tu hilo gurudumu la nyuma na hicho kiti, nitawawekea mapya bure." Jameni! Kumbe kile kilichokuwa chuma kibovu juzi kilikuwa na thamani. Nyanya akamwambia, "Kijana wangu, hata mimi ni wa zamani. Utaniwekea mpya?" Watu wakaangua kicheko, naye akaenda zake.

Karo ililipwa kwa awamu. Ami alitia tairi mpya, kwani saizi ile bado huuzwa, akawa anapeleka mikate madukani kila alfajiri kwa Black Mamba ya babu.

Ndugu msomaji, kiwanda cha Raleigh pale Nottingham kilifungwa mwaka 2002. Habu kama ile haitaundwa tena huko. Katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware mna vyuma vya aina hii nyuma ya mlango, na wazee waliovinunua wanatutoka mmoja mmoja. Kabla hujakubali bei ya mpita njia, chukua kitambaa na mafuta ya taa, usugue, usome. Kisha kaa chini na nyanya, umsikilize angali yupo wa kukusimulia.