Sahihi ya Baba wa Kambo

Mbwera ni kijiji katika delta ya mto Rufiji, mahali ambapo mikoko ni mingi kuliko minazi, na mtu atakaye kwenda mjini sharti angoje maji yajae ndipo boti iondoke. Tulifundisha huko miaka kadhaa. Watu wa delta hawashangai wasikiapo habari za ng'ambo, maana boriti za mikoko yao zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni tangu zamani za mababu. Lakini jambo tutakalolieleza hapa lilitukuta tu wageni nalo, sisi na wao, na kwa kuwa siku hizi ni vijiji vichache visivyo na mtu wake katika nchi za mbali, twaona yafaa wasomaji wa gazeti hili walisikie.

Mwaka 2017 alikuja shuleni bibi mmoja, mtu mzima, akiongozana na mjukuu wake aliyekuwa darasa la saba. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akaketi kwenye benchi la nje asitake kuingia. Mjukuu huyo alizaliwa mwaka 2003. Baba yake alikufa yeye angali mchanga, na mama yake akakaa mjane miaka mingi, hata mwaka 2016 akaolewa Dar es Salaam na mtu mwenye asili ya pwani hii ambaye amekuwa raia wa Marekani. Mama akapata ruhusa, akamfuata mumewe. Mtoto akabaki Mbwera.

Wote walikuwa wamedhani ya kuwa mtoto atakwenda katika karatasi za mama yake, kama vile mtoto aendavyo mgongoni. Kumbe sheria ya huko si hivyo. Raia wa Marekani amwombeapo mkewe, ombi lile ni la mke peke yake, wala halimbebi mtoto. Kila mtoto wa kambo sharti aombewe kwa ombi lake mwenyewe, na kulipiwa ada yake. Kama mume angekuwa mkazi tu, si raia, mtoto angeweza kuandikwa pamoja na mama yake. Basi hapa uraia, ambao watu huusifu sana, ulikuwa umemwacha mtoto nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeuliza mapema.

Na mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili kukipata, walihitaji barua ya shule itokayo katika daftari la wanafunzi. Hapo ndipo bibi alipotuambia shauri la jamaa zake.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "hilo jina la marehemu sasa halina wa kulidai. Liandike la huyu aliye hai, iwe ndiye aliyemzaa, mtoto apate njia."

Hatutaki wasomaji watudhanie kuwa watu wema kuliko tulivyo. Kalamu ilikuwa mkononi, na bibi yule alikuwa ametuletea kamba wabichi wa kutosha siku mbili. Tulimhurumia mtoto, na tulijua ya kuwa katika nyumba nyingi za kijiji jina la baba limepata kubadilishwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Tukamwomba bibi atupe siku tatu. Tukapanda mahali penye mtandao wa simu, tukampigia mwenzetu mmoja tuliyesoma naye chuoni, ambaye sasa kazi yake Dar es Salaam ni kuwasaidia watu karatasi za namna hiyo.

Alicheka kwanza, kisha akakasirika. Akatueleza ya kuwa sheria ya Marekani humhesabu mtoto wa kambo kuwa mtoto kamili wa mwombaji, ikiwa ndoa ya mzazi wake ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Mtoto wetu alikuwa na miaka 13 siku ya harusi. Hakuna haja ya kumwita mwana wa damu. Yatakiwa cheti cha kuzaliwa kionyeshacho jina la mama, na cheti cha ndoa ya mama na baba wa kambo. Na kama kati yao yuko aliyekuwa na ndoa kabla ya hiyo, hati ya kuonyesha jinsi ilivyokwisha, kwa kifo au kwa talaka ya mahakama. Basi uongo ule ungalinunua kitu ambacho kilikuwa kikitolewa bure. Tena ubalozi ukishuku karatasi waweza kutaka kipimo cha vinasaba, na mtu aliyedanganya kwa makusudi aweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, lakini hii haingefika hata Nyamisati.

Tukamwandikia bibi barua yenye jina la marehemu. Hakufurahi. Kamba hatukuletewa tena, jambo ambalo twakiri tuliliona. Kupata cheti kulichukua miezi: kadi ya kliniki ilikuwa imeoza kwa unyevu wa masika, mashahidi wakatafutwa, na kwenda Kibiti na kurudi si safari ya siku moja kwa mtu angojaye maji. Mwishowe kikatoka, na jina la baba aliyekufa likiwa mahali pake.

Lakini si cheti kilichotusumbua moyo. Ni karatasi nyingine, ambayo mwenzetu alitusomea baadaye katika simu, akiitafsiri polepole, kwa kuwa mama wa mtoto alitaka tuwaeleze wazee wake. Ni hati ya dhamana ambayo baba wa kambo hutia sahihi. Katika hati hiyo huahidi mbele ya serikali ya kwamba atamtunza mtoto yule asiwe mzigo wa watu wote, na sharti aonyeshe ya kuwa mapato yake hayapungui asilimia 125 ya kile ambacho serikali hukihesabu kuwa mpaka wa umaskini, kwa hesabu ya watu wa nyumba yake. Ahadi hiyo hudumu mpaka mtoto awe raia, au ahesabiwe kazi ya robo 40 za mwaka, yaani kama miaka kumi, au aihame nchi ile kabisa, au mmojawapo afe.

Tukauliza, "Na wakiachana na mama yake?"

Akajibu, "Talaka haimo. Wakiachana kesho, sahihi yabaki."

Tulikaa kimya hata akadhani simu imekatika.

Maana katika vijiji vyetu mtoto wa kambo huingia kwa mlango wa mama yake na hutoka kwa mlango huo huo. Mama akiachwa, mtoto hufunga kanga yake na kumfuata. Na hata asipoachwa, mwanamume akisema "huyu si wangu" kwa habari ya daftari au viatu, hakuna mzee atakayemwita barazani. Nasi tulikuwa miongoni mwa hao. Mama wa nyumba yetu tulimwoa mjane, akaja na mwana wa miaka sita. Hatukumpiga wala hatukumnyima chakula. Mwaka wa pili tulimpeleka Nyamisati kwa bibi yake mzaa baba, tukasema ni kwa ajili ya shule. Sisi, walimu wa shule, ambao dawati la kwanza liko hatua mia toka mlangoni mwetu, tulisema hivyo, na mama yake akanyamaza.

Kila Krismasi tulikuwa tukiwasomea watu habari za Yusufu seremala, jinsi alivyokwenda Bethlehemu kuandikwa, na jinsi alivyoondoka usiku kwenda Misri na mtoto asiyemzaa. Tulizisoma kwa sauti nzuri. Haikutupata kufikiri ya kuwa mtu yule naye alikuwa baba wa kambo mwenye karatasi na safari.

Yule binti aliondoka mwaka 2019, akiwa na miaka 16, baada ya kupimwa na daktari na kuchanjwa kama itakiwavyo. Bibi alimsindikiza mpaka botini, akampa kanga mbili na chupa ya mafuta ya nazi. Tuongeze hapa ya kuwa amri za safari za nchi ile hubadilika: mwaka 2020 Watanzania walifungiwa bahati nasibu ya viza, mwaka 2021 wakafunguliwa, na nyingine zimetoka tangu hapo. Mwenye shauri la namna hii na aulize ubalozini kwanza, asitegemee yaliyompata mwingine, wala haya yetu.

Juma lililofuata, siku ya Jumamosi, tulipanda boti na maji ya alfajiri kwenda Nyamisati. Kijana tulimkuta gatini akisaidia kushusha magunia. Akatuamkia kama wanafunzi wote watuamkiavyo. Tukamwambia tumekuja kumchukua, arudi nyumbani Mbwera. Alitazama boti, kisha akatutazama.

"Mwalimu," akauliza, "nichukue na godoro langu, au ni kwa likizo tu?"

Tukamwambia alichukue. Lilikuwa zito kwa kulowa umande, tukalishika upande mmoja naye upande mmoja.