Amana Yenye Pumzi

Aliyenifundisha kazi ya kulea wanyama wa watu majumbani mwao alizikwa mwaka jana, Mombasa. Wengi wa wale aliowatunzia mbwa na paka hawakupata habari. Mimi nami mgongo umenikatalia, kazi nimeiacha, na vijana walioishika naona wanaifanya kwa pupa ambayo yeye asingeivumilia. Naandika ili aliyonifunza yasifukiwe pamoja naye.

Nilizaliwa Mji wa Kale. Baba alikuwa mvuvi, na utumbo wa samaki tuliwagawia paka wa mtaani sisi watoto. Chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nikakwama kwa kukosa karo, nikavuka daraja kwenda Nyali kutafuta kibarua cha bustani. Katika jumba moja nilimkuta mtu mzima amechuchumaa, ameshika mguu wa mbwa, anakagua kidole kimoja baada ya kingine, akitoa kupe na kuwatia ndani ya kikopo cha mafuta ya taa. "Hebu nishikie hapa, mwanangu," akaniambia. Nikashika. Jembe sikulirudia tena, na mtu yule nikamwita Ami mpaka siku tuliyomzika.

Ami alikuwa mtu wa swala tano, na kazi ya mbwa kwa Mwislamu wa pwani ina mtihani wake. Sisi ni Mashafii: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo hakuipuuza hata mara moja, wala hakuifanya kisingizio cha kumtesa mnyama. Nguo za kazi zilikaa kule kule kazini, na ndoo yake, na sabuni, na debe la udongo safi nyuma ya banda. Akimaliza hujitoharisha, huvaa kanzu, huenda msikitini. Mtaani kwetu alikuwako mzee mmoja wa barazani aliyeuficha mkono kila Ami alipompa wake. Ami alimjibu mara moja tu, kwa upole: alimkumbusha habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ami na mzee huyo wote wawili wamekwisha kufa. Wajukuu wa mzee yule siku hizi wanafuga mbwa, na hunipigia simu mimi kuniuliza dawa ya kupe.

Mtu anaposafiri na kumwacha mnyama wake, ameacha amana yenye pumzi. Kabati ukilisahau siku mbili halidhuriki. Kwa hiyo kazi yetu ilianza kabla mwenyewe hajafunga sanduku lake. Ami hakukubali kushika nyumba mpaka kwanza amejulishwa kwa mnyama, mwenyewe akiwapo, ili mbwa aone kwamba mgeni huyu ameingia kwa idhini. Kisha daftari: anakula nini, kiasi gani, saa ngapi, dawa zake, chanjo ya kichaa cha mbwa alidungwa lini, daktari wake wa mifugo ni nani. Mwisho aliuliza swali ambalo wenyewe hawakulipenda: mnyama akiugua usiku nami nisikupate, nina ruhusa ya kutumia fedha kiasi gani? Jibu alilitaka kwa maandishi na sahihi.

Siku ya kwanza hatukumgusa mnyama. Unaingia, unaketi, unamwacha anuse viatu vyako na kuamua mwenyewe. Baadaye ndipo huja ukaguzi wa kila asubuhi. Maji mapya, kisha fizi. Fizi za mbwa mzima huwa na wekundu mwepesi. Zikipauka, na mkojo ukawa na rangi ya mkandaa, fikiria homa ya kupe, na daktari atafutwe siku hiyo hiyo. Matandiko yaliyofuliwa hukaushwa kabisa na kupigwa pasi, kwa sababu inzi wa maembe hutaga kwenye nguo yenye unyevu, na funza wake huingia chini ya ngozi, ya mbwa na ya mtu. Matembezi ni alfajiri au magharibi. Mchana lami ya Nyali huunguza nyayo, na mbwa hana jasho la kumpoza kama letu. Hutegemea kuhema, na wale wa pua fupi hata kuhema ni shida kwao. Usiku wa Diwali na wa mwaka mpya tulilala nao chumba kimoja, madirisha yamefungwa, redio inasema, mpaka fataki ziishe.

Sasa nifike kwenye ugomvi ambao ndio hasa ulionitia kalamu mkononi.

Ami alishikilia kwamba paka aliyeachwa peke yake huendewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na kwamba haondoki mtu nyumbani mle mpaka amemwona paka kwa macho na ameuchakura mchanga wake. Enzi zile tulitumia mchanga uliochekechwa au maranda kutoka kwa maseremala. Aliuchakura kwa kijiti, akatazama pamelowa mahali pangapi na kwa ukubwa gani, akaandika. Watu walimcheka, mtu mzima na daftari la mkojo wa paka.

Msimamizi wa kampuni moja iliyokuwa ikituma vijana majumbani alifundisha kinyume chake. Paka, alisema, hujitegemea: mjazie bakuli, mwekee maji mengi, pita mara moja, ikibidi hata kesho yake. Kwa njia hiyo kijana mmoja alizunguka nyumba nyingi kwa siku, na bei ikawa nusu ya yetu. Tulipoteza wateja wengi.

Katika mojawapo ya nyumba tulizopoteza alikuwamo paka dume aliyehasiwa, mnene, mla chakula kikavu, mvivu wa kunywa maji. Ami alimjua. Paka wa namna hiyo hufanya chenga ndogo ndogo ndani ya kibofu, na mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba. Chenga zikiuziba, mkojo hautoki. Paka huingia kwenye sanduku lake la mchanga akachuchumaa, akatoka, akarudi, akajilamba chini, akalia. Asiyejua hudhani amefunga choo. Kibofu hujaa, sumu ambayo figo zingeitoa hubaki katika damu, na hatimaye moyo husimama. Akiwahiwa, daktari humpitishia mpira na kumsafisha. Akikawizwa siku mbili tatu, amekwenda.

Yule alikwenda. Kijana aliingia, akaona chakula kimepungua kidogo tu, paka yuko chini ya kitanda, akasema amelala. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alimkuta amekauka. Wenye nyumba waliporudi, msimamizi akawaambia ni umri, ni kudra. Mama mwenye paka akamwita Ami, nami nikamfuata. Ami hakupandisha sauti. Alimwuliza msimamizi jambo moja: "Bwana, ule mchanga ulikuwa mkavu au umelowa?" Msimamizi akamtazama kijana, kijana akatazama chini. Hapakuwa na ajuaye, kwa sababu hapakuwa na aliyeagizwa kutazama. Kijana simlaumu. Namlaumu aliyempa ufunguo bila kumpa maarifa. Na kampuni ile haikubadili chochote, ilinawiri.

Hoja za wapinzani wa Ami nazisikia mpaka leo. Wanasema kumwendea paka mwoga mara kwa mara ni kumsumbua. Basi usimfukuze chini ya kitanda. Keti sakafuni nusu saa, soma gazeti lako, mwone tu. Wanasema ni gharama. Gharama ya daktari usiku wa Jumapili je? Wanasema chakula kikiwapo paka hatakufa njaa. Paka mnene akigoma kula siku chache tu, mafuta ya mwili hukimbilia ini na kulidhuru, hata kama bakuli limefurika. Katika hoja hizo sijaona moja inayomfaa paka. Zote zinamfaa mwenye kampuni.

Mwaka 2020 fundisho la amana lilinipima mwenyewe. Wenye nyumba niliyoishika Nyali walikuwa Ulaya Kenya iliposimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa mwezi Machi kwa ajili ya korona. Hazikurudi mpaka Agosti. Mwezi Mei Mji wa Kale nao ukafungwa, mke wangu na watoto wakiwa ndani, nami niko ng'ambo, Nyali, na mbwa wawili na kasuku wa kijivu. Chakula cha mbwa cha madukani kikaadimika, nikapika ugali na dagaa, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Nikawabadilishia kidogo kidogo ili tumbo lisiwachafuke. Kasuku nilizungumza naye kutwa, kwa kuwa akipwelewa hujinyonyoa manyoya. Wenyewe walituma fedha mwezi wa kwanza na wa pili, kisha wakanyamaza. Waliporudi wakanilipa, baada ya kuhesabiana sana. Wanyama wote watatu walikuwa wazima, na daftari lilikuwa limejaa.

Vijana, nisikilizeni. Kazi hii imeingia simu, na sasa mwenyewe anataka picha. Mpeni, ni haki yake. Lakini nimeona kijana amempiga mbwa picha nzuri, ulimi nje, naye hajamfunua mdomo kutazama fizi. Picha ni ya kumtuliza mwenye mbwa. Mbwa mwenyewe haimfai kitu. Nchini Marekani wenzetu wana Pet Sitters International, chama kilichoanzishwa 1994, na kuna mtihani wa kupata cheti. Mimi umri wangu wote sikuulizwa cheti na mtu, na kwa sababu hiyo hiyo wenye bei rahisi walitushinda. Ungianeni, wekeni kiwango, msikubali kushindana kwa kupunguza huduma. Anayekudharau kwa sababu unafagia kinyesi cha mbwa hajui kwamba katika kinyesi hicho ndimo unamosoma minyoo, damu na mwanzo wa maradhi.

Nanyi mnaosafiri: mtu wenu alipeni vizuri, na mwachieni kwa maandishi ruhusa ya kwenda kwa daktari. Kabla ya yote mwambieni awaonyeshe daftari lake. Asiye nalo msimpe ufunguo.